Waya mbili, waya nne: umeme wa Ruzizi ulipangiwa nani?



Leo siandiki juu ya wafalme wala juu ya mikataba. Nataka kuandika historia ya kitu tunachokitazama kila siku bila kukiona: waya inayotoka kwenye nguzo na kuingia ndani ya nyumba. Wengi wetu tunamaliza masomo, tunapata diplome, kazi ya Leta haipatikani, halafu tunasema: basi, nitafungua kazi yangu. Mashini ya kusaga, atelie ya kuchomelea vyuma, friji za samaki, saluni, nyumba ya fotokopi. Biashara hizi zote zinaanzia kwenye waya ile. Na waya ile ina historia yake.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa Katogota, pale barabarani kati ya Kamanyola na Luvungi. Nilipomaliza inivasite nilishuka Uvira, nikapanga nyumba yenye mlango wa barabarani, nikanunua mashini ya kusaga mihogo na mahindi. Pesa ilitoka sehemu mbili: likelemba ya marafiki, na magunia ya mchele ambayo Mama aliuza. Mashini ilikuwa na mota ya farasi kumi, yaani kilowati 7,5. Nilijiona bosi.

Nikaita fundi wa umeme, mzee mmoja aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi. Hakufungua hata mfuko wake wa vyombo. Alitazama mota, akatazama ukutani pale waya zinapoingilia, akanyamaza. Kisha akauliza: "Kijana wangu, hii nyumba waliiingizia umeme juu ya kufanya nini?"

Nikajibu: "Mzee, umeme si ni umeme? Taa zinawaka, televisheni inawaka."

Akacheka kidogo. "Hapo ndipo unakosea. Mota yako inadai waya tatu za moto. Nyumba hii iko na moja."

Niliona aibu. Miaka yote darasani, na sikujua kuuliza swali hilo kabla ya kutoa pesa ya Mama. Lakini swali la yule mzee lilinifuata mpaka usiku. Waliingiza umeme juu ya kufanya nini? Hilo ni swali la fundi, lakini pia ni swali la historia. Ukitazama waya zinazofika kwenye nyumba, unajua aliyezipanga alimfikiria nani na kazi gani.

Wanawake watatu kwenye kinu kimoja

Tuelewane kwanza juu ya waya zenyewe. Nyumba nyingi zinaingiziwa waya mbili: moja ya moto, ambayo mafundi wanaiita fazi, na moja ya kurudishia, netre. Kati yake kuna volti 220. Zinatosha kwa taa, redio, telefone, pasi na friji ndogo. Lakini pale barabarani, kwenye nguzo za kabini, utakuta waya nne: fazi tatu na netre moja. Kati ya fazi na fazi kuna volti 380.

Fazi tatu zinasukuma kwa zamu, kama wanawake watatu wanaotwanga katika kinu kimoja. Mchi mmoja unashuka, wa pili unapanda, wa tatu uko njiani. Kazi haisimami. Ndiyo maana mota ya fazi tatu inaondoka yenyewe na kuzunguka bila kutetemeka.

Sasa tufanye hesabu. Disjontere ya nyumba yangu ilikuwa ya amperi 20. Zidisha 20 kwa volti 220, unapata wati 4.400. Mota ya kilowati 7,5 inakula zaidi ya wati 8.000, na pale inapoanza kuzunguka inavuta mara tano au sita ya kawaida yake. Hata ningepata mota ya nguvu hiyo inayotumia waya mbili, ingedai amperi 45 hivi. Kwa fazi tatu mzigo uleule unagawanyika, amperi 15 hivi kwa kila waya. Ningewasha mashini yangu katika nyumba ile, disjontere ingeruka papo hapo. Na kama mtu angenidanganya niweke disjontere kubwa bila kubadilisha waya, waya zingepata moto ndani ya ukuta. Nyumba nyingi zinaungua hivyo.

Umeme wa fazi tatu ulionyesha nguvu zake mbele ya dunia mwaka 1891, katika maonyesho ya umeme ya Frankfurt, Ujerumani. Wahandisi, akiwemo Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, waliutoa umeme kwenye maji ya mto Neckar pale Lauffen, wakausafirisha kilomita 175 mpaka Frankfurt. Kule uliwasha taa, na pia ulizungusha mota ya pampu iliyopandisha maji kwa maporomoko ya kutengenezwa. Watu walielewa: maji yanayoanguka mbali yanaweza kufanya kazi hapa. Kuanzia hapo, fazi tatu ikawa umeme wa kazi, na waya mbili zikabaki umeme wa nyumbani.

Shikeni jambo hilo, maana sisi tunaishi kando ya maji yanayoanguka.

Mto unaiacha nguvu yake kule juu

Ziwa Kivu liko mita 1.460 hivi juu ya bahari. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770. Mto Ruzizi unatoka ziwa la kwanza pale Bukavu na kuingia la pili karibu na Uvira na Bujumbura, safari ya kilomita 120 hivi. Kwa hiyo mto wetu unashuka karibu mita 700, na sehemu kubwa ya mteremko huo iko kule juu, katika makorongo kati ya Bukavu na Kamanyola. Ukifika kwetu bondeni, umeshachoka, unatembea polepole kati ya mashamba ya mpunga na mihogo.

Wabeljiji waliliona hilo mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati ukoloni ulikuwa unakaribia kuisha, bwawa la Ruzizi I lilianza kutoa umeme pale Mururu, hatua chache chini ya Bukavu. Mwaka 1972 mitambo iliongezwa, na nguvu yote ikafika karibu megawati 30.

Umeme huo ulienda wapi? Ulipanda Bukavu, na ulishuka Usumbura, mji tunaouita leo Bujumbura. Yaani ulienda kwenye miji miwili ya utawala, kwenye ofisi, viwanda na nyumba za wakubwa. Bonde letu lilipangiwa kazi nyingine: kulima. Pamba, mpunga, mihogo, miwa. Kiwanda cha sukari cha Kiliba nacho ni mtoto wa miaka ya 1950. Kiwanda kikubwa cha namna hiyo kinapangiwa nguvu yake tangu mchoro wa kwanza, kabla ya tofali la kwanza. Lakini mwanakijiji wa Katogota mwenye wazo la mashini ya kusaga hakuwemo kwenye mchoro wowote.

Sisemi kwamba mtu fulani alikaa mezani na kuandika "Katogota wakae gizani." Historia haifanyi kazi hivyo kila mara. Walipanga kwa ajili ya wateja waliowaona, na mwenye biashara ndogo wa Kiafrika hawakumwona kama mteja.

Basi lisilosimama

Baada ya uhuru, Leta yetu iliunda SNEL mwaka 1970. Katika miaka iliyofuata SNEL ikameza kampuni za zamani za umeme, zikiwemo zile za mashariki. Bendera ilibadilika. Je, mchoro nao ulibadilika?

Tutazame mfano mkubwa zaidi wa nchi yetu. Bwawa la Inga I lilifunguliwa mwaka 1972, Inga II mwaka 1982. Mwaka uleule wa 1982 ikamalizika ile laini ya kutoka Inga mpaka Kolwezi, kilomita 1.700 hivi, kwa ajili ya migodi ya shaba. Inapita juu ya vijiji visivyohesabika. Umeme wake ni wa mkondo mmoja, na kuutoa katikati ya njia kunadai kituo kizima cha kuugeuza, kitu cha bei kubwa sana. Kwa hiyo vijiji vilibaki vikitazama waya juu ya vichwa vyao.

Ni kama basi linalotoka Bukavu mpaka Uvira bila kusimama Katogota. Barabara inapita mlangoni kwako, lakini huna pa kupandia. Katika umeme, mahali pa kupandia ni kabini, pale transfo inapoushusha umeme kutoka maelfu ya volti mpaka 380 na 220. Bila kabini, hata bwawa likiwa nyuma ya nyumba yako, utawasha kibatari.

Upande wetu, mwaka 1976 Zaire, Rwanda na Burundi ziliunda CEPGL. Mwaka 1983 ikazaliwa SINELAC, kampuni ya nchi tatu, na mwaka 1989 bwawa la Ruzizi II likaanza kutoa umeme, zaidi ya megawati 40 za kugawana. Kwa siasa ya eneo letu lilikuwa jambo kubwa: nchi tatu, mto mmoja, mtambo mmoja. Mpaka leo, hata wakubwa wakigombana, maji yaleyale yanawasha taa za pande zote.

Lakini ona vizuri jinsi pesa zilivyotumika. Bwawa linapata wafadhili, linapata mawaziri wa kukata utepe. Kabini ya kijiji haina utepe. Na waya nne za kutoka kabini mpaka kwenye mlango wa mwenye mashini, hizo karibu kila mara anaachiwa mwenyewe.

Miaka ya vita

Halafu yakaja yale tunayoyajua. Vita vya 1996, kiwanda cha Kiliba kikasimama. Vita vya 1998. Tarehe 14 Mei 2000, hapa Katogota, watu zaidi ya thelathini waliuawa. Kila familia ya hapa ina jina la kukumbuka, na siandiki zaidi ya hapo.

Nalitaja kwa sababu linaingia katika historia hii ya waya. Mtu anayejenga kabini anahesabu miaka ishirini mbele. Mtu anayenunua mashini ya mazutu anahesabu miezi sita. Mambo yakiharibika, anaifungia kwenye gari na kukimbia nayo. Ndiyo maana bonde letu liliishi kwa mazutu. Watu wetu hawakuwa wajinga wa umeme. Walichagua kitu kinachoweza kukimbia pamoja nao. Bei ya uamuzi huo walilipa akina mama, kwa sababu kila mazutu inapopanda, bei ya kusaga debe inapanda siku hiyohiyo.

Mabwawa yenyewe nayo yalichoka. Katikati ya miaka ya 2000 maji ya Ziwa Kivu yalipungua na umeme ukapungua. Mitambo ya Ruzizi I imezeeka, na taka za plastiki kutoka Bukavu zinaletwa na maji mpaka bwawani, zinaziba mitambo. Chupa anayotupa mwanafunzi ziwani Bukavu inaweza kuwa delestaje ya mtu wa Uvira.

Mlango uliofunguliwa 2014

Tarehe 17 Juni 2014 nchi yetu ilipata sheria mpya ya umeme, sheria namba 14/011. Kabla yake, SNEL ilikuwa karibu peke yake. Sheria hii iliruhusu kampuni za watu binafsi na majimbo kuingia katika kuzalisha na kugawa umeme. Mwaka 2016 ikaundwa ANSER, ofisi ya kupeleka umeme vijijini na pembeni ya miji.

Kivu ya Kaskazini ilionyesha mfano. Mwaka 2015 bwawa la Matebe, Rutshuru, lilifunguliwa chini ya mradi wa hifadhi ya Virunga, megawati 13 hivi. Pale umeme ulipangwa ufike pia kwa watu wa biashara ndogo, wenye mashini za kusaga na atelie. Mabaya ya vita hayakuisha kule, tunajua. Lakini kwa upande wa mchoro, mwenye mashini ndogo alihesabiwa.

Sasa wakubwa wanazungumza juu ya Ruzizi III, megawati 206 za kugawana tena kati ya nchi tatu, chini ya Ruzizi II. Ni mara saba hivi ya Ruzizi I. Habari njema. Lakini kwa historia niliyowaeleza, tuna haki ya kuuliza mapema: basi hili jipya litasimama wapi?

Mashini yangu iliishia wapi

Turudi Uvira. Yule mzee alinipa njia tatu. Ya kwanza, kuuza ile mota na kununua ndogo ya waya mbili, isiyozidi kilowati 2. Nitasaga polepole na wateja wataniacha. Ya pili, kununua grupe ya mazutu. Nitakula faida yote kwa mazutu. Ya tatu, kuleta waya nne.

Nguzo ya waya nne ilikuwa mita 100 kutoka kwangu. Nikasema nitanunua kebo nyembamba, bei nafuu. Mzee akachukua kalamu. Tuanze na waya mbili tu, akasema. Shaba ya milimita 4 kwa mita 100, kwenda na kurudi, ikibeba amperi 25, inapoteza volti 22 njiani. Volti 220 zinafika 198. Kwa milimita 16 unapoteza volti 5 na nusu tu. "Ukiweka kebo nyembamba," aliniambia, "utalipa fakture ya umeme unaopasha moto waya." Hata kwa fazi tatu, alisema, kanuni ni ileile: umbali ukiongezeka, waya inenepe.

Kebo nene sikuiweza peke yangu. Hapo ndipo nilijifunza jambo la mwisho. Jirani yangu wa kushoto alikuwa anachomelea vyuma, kilowati 6. Mbele yake kijana wa mbao, mwenye randa ya umeme ya kilowati 4. Pembeni, mama mmoja wa friji za samaki, kilowati 1,5. Na mimi 7,5. Jumla kilowati 19. Kila mmoja alikuwa ameenda kuomba peke yake, na kila mmoja alikuwa amerudi mikono mitupu. Tukaandika barua moja yenye hesabu moja. Ukikumbuka kwamba kabini ya kVA 100 inabeba kilowati 80 au 90 na inalisha kartie nzima, utaelewa kwamba kilowati 19 si jambo la kuunganisha kimyakimya usiku. Lazima mtu aangalie kama nafasi iko, na mizigo igawanywe sawa kwenye fazi zote tatu, la sivyo majirani watabaki na taa nyekundu.

Ilichukua miezi mingi. Tulichanga kebo, tulichanga nguzo mbili, tukaweka konteri za fazi tatu, na mzee akatuchimbia waya ya ardhi kwa kila mashini, maana unga na mikono yenye maji ni hatari. Siku mota ilipozunguka, yule mama wa samaki alipiga kigelegele kabla yangu.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilienda vizuri. Umeme unakuja mara nyingi usiku, kwa hiyo mimi ninasaga usiku. Wateja wanaleta mihogo jioni, wanachukua unga asubuhi. Lakini likelemba nililipa, na magunia ya Mama yamerudi, pole pole, moja moja.

Tunabaki na nini?

Chama chetu kina wanasheria walioisoma sheria ya 2014, kina wahandisi, kina wanauchumi. Kabla mmoja wetu hajanunua mashini, aulize kwanza: nyumba ina waya ngapi, disjontere ni ya amperi ngapi, kabini iko mbali gani na ina nafasi gani. Maswali haya hayalipishwi. Na kabla hajaomba peke yake, awatafute majirani watatu. Mchoro wa kwanza haukutuhesabu kwa sababu hakuna aliyefika na hesabu yetu mkononi. Barua yetu ya watu wanne ilikuwa hesabu, ndogo, lakini ya kweli.

Kijijini kwetu bado kuna akina mama wanaongoja mashini ya mazutu na debe la mihogo kichwani. Siku watakapotuita tupige makofi kwa ajili ya bwawa jipya, tutapiga. Halafu mmoja wetu asimame na kuuliza kwa heshima: kabini ya Katogota itakuwa wapi, na itatoka na waya ngapi?